Guddi na Nyota wa Sinema: Kwa Nini Mtazamaji Humpenda Mtu Asiyemjua

Mwaka 1971 ilitolewa nchini India filamu iitwayo Guddi, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee. Kisa chake ni chepesi kusimulia. Msichana wa shule, aitwaye Guddi na watu wa nyumbani kwake, anampenda mwigizaji mashuhuri Dharmendra. Hajapata kuzungumza naye. Humjua kwa kumwona katika sinema tu. Kijana mwema aitwaye Navin anapotaka kumwoa, Guddi anamkataa, kwa kuwa moyo wake, kwa maoni yake mwenyewe, umekwisha kupata mwenyewe. Wala hajioni kuwa mjinga. Anajifananisha na Mirabai, mtunzi wa mashairi wa kale wa India, aliyempenda mungu Krishna kwa maisha yake yote.

Wazazi na walimu wengi wangemkemea msichana wa namna hiyo, au wangemcheka. Katika filamu hiyo mzee mmoja wa jamaa, Profesa Gupta, hafanyi lolote kati ya hayo. Anafuata njia ambayo mwalimu wa sayansi ataitambua mara moja: anamwendea Dharmendra, ambaye katika filamu hiyo anaigiza nafsi yake mwenyewe, na kumwomba amsaidie kumwonyesha msichana jinsi sinema inavyotengenezwa. Guddi anaingia katika viwanja vya kupigia picha mjini Mumbai na kujionea kwa macho yake. Anagundua kwamba mtu anayeanguka kutoka mahali pa juu si yule shujaa aliyemzoea, bali ni mwingine aliyevaa nguo zinazofanana na zake. Anaona kuta zisizo na nyumba nyuma yake, na vibarua wanaohangaika na taa chini ya joto kali ili uso wa mtu mmoja ung'ae kwa muda mfupi.

Kisa cha Guddi kinaibua maswali ambayo sayansi ina majibu yake, walau kwa sehemu. Inawezekanaje mtu mwenye akili timamu ampende mtu asiyemjua? Ni kitu gani hasa anachokipenda? Na kwa nini hisia hiyo ni ya kweli kabisa moyoni mwa anayeihisi, ingawa anayependwa hana habari naye?

Picha zisizotembea

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba katika sinema hakuna kitu kinachotembea pazia. Mkanda wa filamu ni mfululizo wa picha zilizotulia, kama zile za kawaida zinazotundikwa ukutani. Tangu sauti ilipoingia katika sinema mwishoni mwa miaka ya 1920, kipimo kilichokubaliwa ni picha 24 kwa kila sekunde. Filamu ya saa mbili, yaani sekunde 7,200, ina picha 172,800. Katika mkanda wa kawaida wenye upana wa milimita 35, kila picha huchukua milimita 19 za urefu wa mkanda. Kwa hiyo mkanda wa filamu hiyo ukinyooshwa utafika karibu kilomita 3.3.

Mashine ya kuonyeshea huuvuta mkanda huo kwa vituo. Picha moja husimama mbele ya taa, huonyeshwa, kisha huondolewa na nyingine kuletwa mahali pake. Picha inapobadilishwa, bamba linalozunguka huuziba mwanga ili mtazamaji asione mkanda ukikimbia. Aidha, bamba hilo huuziba mwanga mara moja au mara mbili zaidi wakati picha imesimama, hata kila picha ikamulikwa mara mbili au mara tatu. Hivyo macho hupokea mimweko 48 au 72 kwa sekunde, nayo ni mingi kiasi kwamba hayawezi kuitenganisha. Kama mwanga ungemweka mara 24 tu, pazia lingeonekana likipepesa na kuyachosha macho. Mtu aliyekaa saa mbili mbele ya mashine ya namna hiyo amekaa gizani kwa muda unaokaribia saa nzima bila ya kujua. Leo majumba mengi ya sinema hutumia mashine za kompyuta zisizo na mkanda, lakini kipimo cha picha 24 kwa sekunde kingali kinatumika.

Vitabu vingi vya zamani vilieleza kwamba mwendo huonekana kwa sababu taswira hubaki kidogo katika retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, baada ya mwanga kuondoka. Maelezo hayo hayatoshi. Kama taswira zingebaki na kupandana tu, mtazamaji angeona ukungu wa picha nyingi, asingeona mtu anayetembea. Mwaka 1912 mwanasayansi Max Wertheimer alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya mjini Frankfurt, Ujerumani. Aliwaonyesha watu mistari miwili iliyotulia, mmoja baada ya mwingine. Mistari ilipofuatana kwa nafasi ya sehemu 30 hivi za elfu za sekunde, watu waliiona yote miwili kwa pamoja. Nafasi ilipofika sehemu 200 hivi, waliona mmoja, kisha wa pili. Lakini ilipokuwa sehemu 60 hivi, waliona mstari mmoja ukihama kutoka mahali pamoja hadi pengine. Mwendo huo haukuwamo katika mashine wala katika mwanga. Uliundwa na ubongo.

Hili ni la msingi kwa yote yatakayofuata. Mtazamaji wa sinema si chombo kinachojazwa maji, ni mfanyakazi. Ubongo wake hupewa vipande, nao hushona nguo nzima. Ukiweza kushona mwendo usiokuwapo, haishangazi kwamba waweza pia kushona urafiki usiokuwapo.

Uso wa karibu

Katika maisha ya kila siku umbali kati ya watu una maana yake. Mwaka 1966 Edward Hall, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza mila za watu, alieleza kwamba katika jamii ya Wamarekani aliyoichunguza, umbali usiozidi sentimita 45 hivi huachiwa watu wa ndani kabisa: mama na mtoto, mume na mke, wapendanao. Marafiki wanaozungumza huachana hadi mita 1.2 hivi, na watu wa kazini au wageni huachana zaidi ya hapo. Vipimo hivyo hutofautiana toka jamii moja hadi nyingine, kama ajuavyo mtu yeyote aliyepanda basi lililojaa, lakini kanuni yenyewe ipo kila mahali: asiye wa karibu haachiwi kuukaribia uso.

Sinema huivunja kanuni hiyo bila mtu kulalamika. Uso wa mwigizaji wenye upana wa sentimita 15, ukitazamwa kwa umbali wa sentimita 45, una uwiano wa moja kwa tatu kati ya upana na umbali. Chukua sasa uso huohuo uliokuzwa hata ukawa na upana wa mita 4 pazia, na mtazamaji aliyeketi mita 12 kutoka hapo. Uwiano ni uleule wa moja kwa tatu. Maana yake ni kwamba taswira inayoangukia retina ina ukubwa sawa na ile ya mtu aliyeinamia uso wa mtazamaji. Mgeni kabisa, ambaye hajawahi kukanyaga mtaa huo, amefikishwa mahali pa mpendwa.

Ni kweli kwamba jicho lina njia nyingine za kupima umbali. Misuli ya lenzi hujirekebisha, na macho mawili hukutanisha mielekeo yao zaidi kitu kinapokuwa karibu. Kwa hiyo mtazamaji hadanganyiki hata akadhani kwamba mwigizaji yumo ukumbini. Lakini uso mkubwa huonyesha yale ambayo katika maisha huonwa na watu wa karibu tu: mtikisiko wa kope, chozi linaloanza kujaa, pumzi iliyozuiwa. Ubongo umejifunza tangu utotoni kwamba anayeonyeshwa mambo hayo ni mtu anayeaminiwa.

Kazi ya mhariri

Baada ya kupigwa, picha hukatwa na kuungwa. Tuseme mpenzi anamtazama mpenzi wake. Picha moja huonyesha uso wa mwanamume, ya pili uso wa mwanamke, kisha ya mwanamume tena. Mtazamaji huamini kwamba wawili hao wanatazamana. Lakini nyuso hizo zaweza kupigwa picha kwa saa tofauti, au hata siku tofauti, na huenda mwigizaji alikuwa akiitazama alama iliyowekwa kando ya kamera.

Mwongozaji wa Urusi, Lev Kuleshov, anakumbukwa kwa jaribio alilolifanya kuhusu jambo hili takriban miaka 100 iliyopita. Aliuchukua uso mmoja usioonyesha hisia yoyote, akauunganisha kwa zamu na picha ya chakula, ya maiti na ya mtu wa kutamanika. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na mapenzi, kumbe uso ulikuwa uleule. Mkanda wa jaribio lenyewe haukuhifadhiwa, na wataalamu waliolirudia baadaye hawakupata matokeo ya aina moja: baadhi waliona athari hiyo, wengine hawakuiona, na palipoonekana haikuwa na nguvu kama inavyosimuliwa. Hata hivyo, wahariri wa filamu kila mahali hutegemea kanuni hii kila siku: mtazamaji huusoma uso kwa kufuata kilichowekwa kabla yake na baada yake.

Katika filamu za Kihindi kuna tabaka jingine zaidi, nalo ni sauti. Kwa miongo mingi nyimbo za filamu hizo zimekuwa zikirekodiwa kwanza na waimbaji wasioonekana, kisha mwigizaji huchezesha midomo kwa kufuata sauti iliyokwisha kurekodiwa. Waimbaji kama Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi walivikopesha sauti zao vinywa vya waigizaji wengi. Katika Guddi yenyewe, Jaya Bhaduri anayemwigiza msichana huyo anaonekana akiimba, lakini sauti ni ya Vani Jairam. Watazamaji wa Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, ambako filamu za Kihindi zilipendwa kwa vizazi kadhaa, walizijua nyimbo hizo kwa moyo hata bila kuijua lugha.

Sasa mtu akisema kwamba anampenda nyota wa sinema, yafaa aulizwe: yupi? Uso ni wa mtu mmoja, sauti ya wimbo ni ya mwingine, na mwili unaoruka ukuta ni wa mtu wa tatu ambaye hata jina lake halijulikani. Maneno matamu yameandikwa na mtu wa nne, mwanga unaopendeza umepangwa na wa tano, na mtazamo wa mapenzi umeungwa na wa sita mezani kwake kwa kukata na kubandika. Hilo ndilo analojionea Guddi katika viwanja vya filamu. Hagundui kwamba Dharmendra ni mtu mbaya. Kinyume chake, anamkuta ni mtu mwema. Anachogundua ni kwamba yule aliyempenda hakuwa mtu mmoja.

Mazoea ya upande mmoja

Yabaki kuelezwa kwa nini hisia hiyo hukua kadiri siku zinavyopita. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc wa Marekani alichapisha mfululizo wa majaribio kuhusu athari ya kukiona kitu mara nyingi. Aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana, alama zilizofanana na maandishi ya Kichina, na picha za nyuso za watu wasiowajua. Vingine vilionyeshwa mara moja au mbili, vingine hadi mara 25. Walipoulizwa, watu walielekea kuvipendelea zaidi vile walivyoviona mara nyingi, ingawa hawakuwa wamepata habari yoyote mpya juu yake. Mazoea peke yake yalitosha kuzaa upendeleo. Nyota wa sinema huonekana katika filamu, katika matangazo ukutani, katika magazeti, na siku hizi katika simu za mkononi. Hakuna jirani anayeonekana mara nyingi kiasi hicho.

Kabla ya hapo, mwaka 1956, wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, walikuwa wameuchunguza uhusiano kati ya watazamaji na watu wa redio, sinema na televisheni. Waligundua kwamba mtazamaji humzungumzia mtangazaji au mwigizaji kama rafiki: hujua tabia zake, hufurahia mafanikio yake, humsikitikia anapopata msiba. Ni urafiki wa mbali. Tofauti yake na urafiki wa kawaida ni moja, nayo ni kubwa: habari huenda upande mmoja tu. Mtazamaji anamjua mwigizaji, mwigizaji hamjui mtazamaji.

Wala mwigizaji hawezi kulirekebisha jambo hilo, hata angekuwa mwema kiasi gani. Hesabu inaonyesha wazi. Tuseme nyota ana wapenzi milioni moja, naye ameamua kuzungumza na kila mmoja kwa dakika moja tu. Hizo ni dakika 1,000,000, yaani saa 16,667. Akifanya kazi hiyo kwa saa 8 kila siku bila kupumzika, atamaliza baada ya siku 2,083, ambazo ni zaidi ya miaka mitano na nusu. Na mwisho wake kila mpenzi atakuwa amepata dakika moja. Si ukali wa moyo unaomfanya nyota asijibu barua. Ni uchache wa saa.

Mapenzi ya pande mbili

Filamu nyingine, iliyotengenezwa Uingereza, inasaidia kuona upande wa pili wa jambo hili. Notting Hill ilitolewa mwaka 1999, ikiongozwa na Roger Michell na kuandikwa na Richard Curtis. Julia Roberts anaigiza nyota wa sinema kutoka Marekani aitwaye Anna Scott. Hugh Grant anaigiza mwenye duka dogo la vitabu vya safari katika mtaa huo wa London. Nyota anaingia dukani kununua kitabu, na baadaye wawili hao wanagongana njiani na maji ya machungwa yanammwagikia. Mapenzi yanaanzia hapo.

Tofauti na Guddi, hapa wahusika wanajuana kweli, na filamu inaonyesha kwa usahihi njia ambayo watu hujuana. Katika tukio moja Anna amealikwa chakula cha jioni nyumbani kwa marafiki wa mwenye duka. Kimebaki kipande kimoja cha keki, na inakubaliwa kwamba atakayethibitisha kuwa ana maisha ya huzuni kuliko wenzake ndiye atakayekila. Kila mmoja anataja mashaka yake. Mwishowe Anna naye anajieleza: njaa ya kujinyima chakula ili asinenepe, wanaume waliomtesa, hofu ya kuzeeka mbele ya macho ya umma. Wenzake wanamsikiliza, kisha wanamtania kwa ucheshi kama wanavyotaniana wao kwa wao. Kuanzia hapo si nyota tena mezani pale.

Sayansi inalithibitisha jambo hilo. Mwaka 1997 Arthur Aron na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu wasiojuana waliketi wawili wawili kwa dakika 45, wakiulizana maswali yaliyoanza na mambo mepesi na kuingia taratibu katika mambo ya ndani. Wengine walipewa maswali ya porojo tu. Waliofunguliana mioyo kwa zamu walijiona wako karibu zaidi kuliko wale wa porojo. Neno muhimu ni zamu. Ukaribu haukutokana na kuambiwa siri tu, bali na kuambiwa na kuambia, hatua kwa hatua, kila mmoja akihatarisha kidogo. Hilo ndilo ambalo pazia la sinema haliwezi kulifanya. Lina uwezo wa kumwaga machozi mbele ya mtazamaji, lakini haliwezi kuyaona machozi yake.

Inapokuwa hatari

Kumpenda nyota katika ujana si ugonjwa. Kwa vijana wengi ni mazoezi ya moyo kabla ya safari yenyewe: kijana hujifunza kutamani, kungoja na hata kukata tamaa, bila ya kumdhuru mtu. Mara nyingi hisia hiyo hupungua yenyewe anapopata marafiki na shughuli za maisha. Hata hivyo, yapo mambo matatu yanayostahili tahadhari.

La kwanza ni hali ya ugonjwa, ingawa ni nadra. Daktari wa magonjwa ya akili wa Ufaransa, Gaëtan de Clérambault, aliieleza mwaka 1921. Mgonjwa huamini pasi na shaka kwamba mtu wa cheo kikubwa anampenda, na kila kitu hukigeuza kuwa ushahidi. Mgonjwa wake mmoja alikuwa ameamini kwamba Mfalme George wa Tano wa Uingereza anampenda. Alisimama nje ya kasri mjini London, na mapazia ya madirishani yalipotikisika alidhani kwamba ni ishara inayotumwa kwake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuchekwa wala kukemewa, bali matibabu.

La pili ni matapeli. Palipo na mapenzi ya upande mmoja, mdanganyifu huweza kujaza upande mtupu. Mwezi wa Januari 2025 vyombo vya habari vya Ufaransa viliripoti habari za mwanamke mmoja aliyepoteza takriban euro 830,000. Wadanganyifu walijifanya kuwa mwigizaji mashuhuri wa Marekani aliyempenda na anayehitaji fedha za matibabu, nao walimtumia picha zilizotengenezwa kwa kompyuta zikimwonyesha mwigizaji huyo akiwa hospitalini. Watu wengi walimcheka. Lakini aliyefuatana na makala haya hadi hapa ataona kwamba kinga haikuhitaji werevu wa ajabu. Ilihitaji swali moja: je, mtu huyu amewahi kukaa mahali pamoja nami, nikamwona naye akaniona, kwa namna ambayo haiwezi kutengenezwa na mashine?

La tatu ni madhara yanayompata nyota mwenyewe. Shauku ya watu kuona ya ndani ina soko, na soko lina wapiga picha wanaowavizia watu mashuhuri. Katika Notting Hill wapiga picha wanalizingira lango la mwenye duka asubuhi moja, na uhusiano wa wawili hao unavunjika kwa muda. Miaka miwili kabla ya filamu hiyo, mwezi wa Agosti 1997, Diana, Binti Mfalme wa Wales, alifariki katika ajali ya gari mjini Paris akiwa anafuatwa na wapiga picha. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama mjini London liliamua kwamba kifo kile kilisababishwa na uzembe mkubwa wa dereva wake pamoja na wa magari yaliyokuwa yakimfuata. Picha walizokuwa wakizitafuta zingeuzwa kwa magazeti, na magazeti yangeuzwa kwa watu waliosema kwamba wanampenda.

Majaribio ya darasani

Mwalimu aweza kuyaonyesha mambo mawili makuu ya makala haya bila vifaa vya gharama.

1. Mwendo usiokuwapo. Mwanafunzi achukue daftari dogo, na katika pembe ya kila ukurasa achore mtu anayeinua mkono, kila mchoro ukitofautiana kidogo na uliotangulia. Michoro 24 yatosha. Akiziachia kurasa haraka kwa kidole gumba, mkono utaonekana ukiinuka. Arudie polepole, na atafute ni kwa mwendo gani wa kurasa udanganyifu huo unatoweka.

2. Uso wa karibu. Chora ubaoni duara lenye kipenyo cha sentimita 50. Mwanafunzi asimame mita 10 kutoka ubaoni, afumbe jicho moja, na ashike karatasi ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 2.5 kwa umbali wa sentimita 50 kutoka jichoni. Karatasi italiziba duara lote barabara, kwa kuwa uwiano wa yote mawili ni moja kwa ishirini. Kisha afungue macho yote mawili na aeleze kwa nini sasa anatambua mara moja ni kipi kilicho karibu.

Maswali ya kujadili

1. Ukumbi una pazia linaloonyesha uso wenye upana wa mita 3. Mtazamaji aketi umbali gani ili auone uso huo kwa pembe ileile ya mtu aliye sentimita 45 kutoka kwake, ikiwa uso wa kawaida una upana wa sentimita 15?

2. Nyota ana wapenzi 200,000, naye anataka kumpa kila mmoja dakika 3. Kazi hiyo itamchukua siku ngapi akifanya kazi saa 8 kwa siku?

3. Wertheimer alipata matokeo matatu tofauti kwa kubadili muda tu. Je, filamu ya picha 5 kwa sekunde ingeonekanaje, na kwa nini?

4. Mwishoni mwa filamu Guddi anamkubali Navin, ambaye alikuwapo tangu mwanzo. Je, Profesa Gupta angefanikiwa kama angemkataza tu msichana kwenda sinema? Toa sababu.